Mrututu na Kloridi ya Kobalti

Wenyeji wa Unguja waliijua chumvi moja ya buluu kabla ya maabara kuwafikia, nayo ni mrututu. Kamusi za zamani zaueleza kuwa ni salfeti ya shaba, dawa ya vidonda. Maabara ikaleta chumvi ya pili, kloridi ya kobalti, ambayo ikiwa kavu ni buluu vilevile, wala haina jina la kienyeji. Mtu atafutaye neno jepesi aweza kushawishika kuiita mrututu wa kobalti. Jina hilo lingepotosha.

Buluu ya mrututu hutokana na maji yaliyomo ndani yake; ukikaushwa kwa moto huwa mweupe. Kloridi ya kobalti ni kinyume: ikavu ni buluu, ikinywa maji hugeuka waridi, na ikipashwa moto buluu hurejea. Kwa tabia hiyo hutiwa katika punje za silika zikaushazo hewa. Katika Mji Mkongwe, ambako kuta za mawe ya matumbawe hushika unyevu na masika hukunja karatasi, mtunza nyaraka hutazama rangi ya punje apate kujua kama zingali na nguvu. Akizisoma kwa mazoea ya mrututu, ataziacha zilizokwisha kushiba maji na kuzitupa zilizo nzima. Mwalimu wa biolojia naye hubandika karatasi ya chumvi hii juu ya jani na chini yake, aone ni upande upi utoao mvuke zaidi.

Neno chumvi lenyewe lataka hadhari. Kiswahili kina chumvi ya haluli, inywewayo ili kufungua tumbo, basi masikioni mwa wengi chumvi ni kitu kiingiacho kinywani. Kloridi ya kobalti ni sumu. Huwasha ngozi za baadhi ya watu, na vumbi lake likivutwa huweza kuleta pumu na hata saratani. Katika miaka ya 1965 na 1966, mjini Quebec, Kanada, chumvi za kobalti zilizotiwa katika bia ili povu lidumu zilihusishwa na maradhi ya moyo yaliyoua wanywaji kadhaa. Mwaka 1008 ungekuwa mbali mno kuutafuta ushahidi. Mwaka 2008 tu Umoja wa Ulaya uliiingiza kloridi hii katika orodha ya kemikali za kuhofiwa sana, na siku hizi zipo punje za rangi ya machungwa zisizo na kobalti. Yafaa chupa iandikwe jina kamili pamoja na neno sumu.

Neno kobalti latokana na Kijerumani, jina la pepo ambao wachimbaji waliwadhania kuwa wanaharibu madini yao. Hata hivyo si geni kama lionekanavyo. Buluu ya sahani za Kichina zilizopangwa katika zidaka za nyumba za Unguja ni ya kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia leo huchimbwa Kongo, pande za Kolwezi, ambako wachimbaji husemezana kwa Kiswahili.