Kangemi, heri Probox kuliko ambulensi

Usiku wa Jumamosi moja, kando ya Waiyaki Way pale Kangemi, Nairobi, gari lilimgonga mtu aliyekuwa akisukuma mkokoteni. Wanaume wanne walimwinua, wawili mikono, wawili miguu, kichwa kikining'inia. Wakamlaza kwenye kiti cha nyuma cha Probox na kumkunja magoti ili mlango ufungike. Nilikuwa nimeshatoa simu nipige 1199, nambari ya Msalaba Mwekundu. Mama muuza mahindi choma akanishika mkono.

"Wachana nayo, mwanangu. Hiyo bili italipwa na nani?"

Nikairudisha simu mfukoni.

Tunapenda kusema wakazi wa Kangemi na Kawangware wahamasishwe kuhusu ambulensi. Mama yule hakuhitaji kuhamasishwa. Alikuwa ameshapiga hesabu. Mwenye Probox ni mtu wa mtaani, mnapatana bei, atangoja M-Pesa ya shemeji hadi asubuhi, na atakupeleka unakotaka wewe. Ambulensi ya kibinafsi huenda ikataka maelfu ya shilingi kabla haijang'oa nanga, kisha ikufikishe kwenye hospitali usiyoimudu. Gari lenyewe haliogopeshi. Kinachoogopwa ni lango litakalosimama mbele yake.

Na hofu hiyo haikutoka hewani. Oktoba 2015, mwanamume aliyegongwa na gari papa hapa Kangemi alikaa saa 18 ndani ya ambulensi, akihangaishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine, kisha akingojea kitanda cha wagonjwa mahututi katika Hospitali Kuu ya Kenyatta. Alifariki. Yeye ambulensi aliipata, na mhudumu alikuwa kando yake muda wote huo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kilikuwa kimeshasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaja kuongeza faini kwa anayekiuka. Lakini anayekukuta usiku getini ni bawabu, na swali lake bado ni lile lile: nani anasimamia malipo?

Kuna mengine madogo yanayoua vilevile. Kule Gichagi, ndani ya Kangemi, nyumba hazina nambari. Unamwelekeza dereva ateremke hadi kanisa la mabati, apinde penye bomba la maji, aulize. Mwenye bodaboda haulizi, amelala ploti ya pili. Halafu kuna aibu. King'ora kikilia mtaani, majirani hutoka wakiamini kuna maiti, na mama mwenye uchungu wa kujifungua hataki kuanza safari yake kwa kuliliwa.

Aprili 2020, wakati wa kafyu ya Korona, Dkt Jemimah Kariuki, aliyekuwa akisomea ukunga na magonjwa ya wanawake, aliona kina mama wakikwama nyumbani usiku. Akaanzisha Wheels for Life: ulikuwa ukipiga 1195 bila malipo, daktari anakusikiliza, anaamua kama teksi inatosha au inahitajika ambulensi, na gari linakuja bila kukudai senti. Simu zilimiminika. Woga wa bili ulipoondolewa, hakuna aliyehitaji kubembelezwa apige.

Sheria ya bima ya afya ya jamii ya 2023 iliunda hazina ya dharura na magonjwa mahututi. Ni jambo jema, na nataka sana lifaulu. Ila habari hiyo haijafika penye jiko la mahindi. Ipelekwe huko, stejini, kwa wenye bodaboda na Probox, kwa maneno mepesi ya Kiswahili: safari hii hulipi, na lango litafunguliwa.

Jumanne nilipita tena. Mama alinipa mahindi, akasema jamaa wa yule mtu wanachangisha. Yuko hai, ila hasikii miguu. Kama uti wa mgongo uliumia barabarani, au ni pale tulipomkunja ili mlango ufungike, hakuna daktari aliyeweza kuwaambia.