Urefu wa Stenti na Ufupi wa Maneno: Msamiati wa Matibabu ya Mawe ya Figo, Kitale na Bungoma

Makala haya yanaeleza jinsi daktari anavyochagua ukubwa wa stenti baada ya upasuaji wa mawe ya figo, na jinsi Kiswahili kinavyoweza kulibeba suala hilo mbele ya mgonjwa. Huenda msomaji akauliza suala la tiba linatafuta nini katika jarida la Kiswahili. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake na matibabu yake, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Kitale na Bungoma, ambako Wabukusu, Wasabaoti na jamii nyingine hulazwa katika wodi moja, Kiswahili ndicho kiungo cha karibu zaidi.

Kila figo huuteremsha mkojo hadi kibofuni kwa mrija mwembamba ambao, kwa mtu mzima, huwa na urefu wa takriban sentimita 22 hadi 30. Wazungumzaji wengi huuita "mrija wa mkojo", jina ambalo pia hupewa njia itokayo kibofuni hadi nje ya mwili. Kwa hivyo mgonjwa akiambiwa kuna kitu katika mrija wake wa mkojo, ataelekea kuifikiria ile njia ya nje anayoijua. Makala haya yanauita mrija wa juu ureta.

Jiwe likishavunjwa au kutolewa, ureta huweza kuvimba na kuuzuia mkojo. Ndipo daktari huacha ndani stenti, yaani kijirija laini chenye uwazi katikati na ncha mbili zilizojikunja: moja hukaa katika figo, nyingine kibofuni. Ncha hizo hufanana na herufi J, na ndiyo sababu wahudumu huiita "DJ". Neno stenti lenyewe limetokana na Charles Stent, daktari wa meno Mwingereza wa karne ya 19, ambaye hakuwahi kutibu figo.

Ukubwa wake hutajwa kwa namba mbili. Ya kwanza ni unene, unaopimwa kwa kipimo cha Charrière, fundi wa vifaa vya upasuaji wa Paris, ambacho hufupishwa Fr. Fr 1 ni theluthi moja ya milimita. Hivyo stenti ya Fr 6, inayotumika sana kwa watu wazima, ina unene wa milimita 2. Namba ya pili ni urefu, kwa sentimita: 22, 24, 26 au 28.

Urefu ndio wenye mashaka zaidi. Stenti fupi mno huweza kupanda ikaingia ndani ya ureta, na kuitoa huko ni kazi ngumu. Ndefu mno huvuka katikati ya kibofu na kukikwaruza, mgonjwa akasumbuliwa na haja ya mara kwa mara, maumivu na damu katika mkojo. Madaktari wengi hukadiria kwa kimo: mfupi hupewa 22, wa wastani 24, mrefu 26. Hata hivyo, kimo cha mtu hakifuatani kikamilifu na urefu wa ureta yake. Kupima ureta yenyewe, kwa katheta yenye alama za sentimita au kwa picha ya CT, huaminika zaidi. Kuhusu unene, dhana kwamba stenti nyembamba lazima iwe na maumivu madogo haijathibitishwa kwa uthabiti.

Lakini stenti iliyochaguliwa vyema huweza kudhuru ikisahauliwa. Kwa kawaida hutolewa baada ya siku au wiki chache, na nyingi hazipaswi kupita miezi mitatu hivi bila kutolewa au kubadilishwa. Ikiachwa, chumvi za mkojo huigandia, mkojo huziba, maambukizi huingia, na figo huweza kufa.

Hapa neno "mpira" lina hatari. Katika wodi, katheta ya kibofu huitwa mpira, na wapo wanaoiita stenti vivyo hivyo. Katheta hutolewa mara nyingi kabla ya mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani. Aliyefanyiwa upasuaji Eldoret, kilomita zipatazo 70 kutoka Kitale, akisikia "mpira umetolewa", ana kila sababu ya kuamini kwamba amemaliza. Cheti chake cha ruhusa kimeandikwa kwa Kiingereza, na stenti haionekani wala kushikika kutoka nje.

Wapenzi wa uundaji wa istilahi wangependekeza labda "mhimili wa ureta", ila hilo lamfaa zaidi mjenzi wa daraja. Mkopo stenti, katika ngeli ya I-ZI, watosha, mradi "mpira" uachiwe katheta peke yake. Muuguzi basi aweza kusema: "Mpira umetolewa leo. Stenti bado imo ndani, kati ya figo na kibofu. Urefu wake ni sentimita 24. Itatolewa baada ya wiki nne, tarehe hii niliyokuandikia." Kisha amwombe mgonjwa arudie kwa maneno yake mwenyewe ni kipi kimetoka na ni kipi kimebaki.