Sura ya 5: Kujiamini Huja Baada ya Kuuza

Kila mwalimu wa ujasiriamali amewahi kuwa na mwanafunzi huyu. Mpango wake wa biashara ndio bora darasani, hesabu zimekaa sawa, lakini mwambie aende akamuuzie bidhaa mtu asiyemfahamu kabla ya Ijumaa, utaona visingizio vinavyozaliwa. Si mvivu huyo. Anangoja ajiamini kwanza, ndipo atoke. Kwa bahati mbaya anachokingoja hakiji kwa kungojwa.

Aliyetuonyesha hili kwa ushahidi ni Albert Bandura, mwanasaikolojia mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka 1977 yeye na wenzake walitangaza matokeo ya majaribio waliyofanya na watu wazima wenye hofu kali ya nyoka. Baadhi walikaa wakamtazama mtaalamu akimshika nyoka. Wengine walisogezwa hatua kwa hatua, mtaalamu akiwa pembeni yao, mpaka wakamshika kwa mikono yao wenyewe. Waliotazama walipata nafuu, ila walioshika walipata nafuu kubwa zaidi, na kadiri mtu alivyoamini kwamba anaweza ndivyo alivyothubutu baadaye. Bandura alitaja vyanzo vinne vya imani hiyo: kulifanya jambo ukafanikiwa, kumwona mtu wa aina yako akilifanya, kutiwa moyo na mtu unayemwamini, na namna unavyoichukulia hali ya mwili wako, kwa mfano mapigo ya moyo yanapokwenda mbio. Cha kwanza ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Makongamano yetu ya vijana, hata hivyo, yameegemea cha pili na cha tatu. Tajiri anaalikwa asimulie alivyoanza, ukumbi unapiga makofi, kisha kila mtu anarudi hosteli.

Makofi hayo yana gharama. Mwaka 2011 shirika la Femina HIP lilirusha kwenye televisheni ya Tanzania kipindi cha Ruka Juu, ambamo vijana wajasiriamali walishindana. Watafiti waliwafuatilia wanafunzi wa sekondari waliohamasishwa kukitazama, wakawalinganisha na wenzao. Hamu ya biashara iliongezeka, hasa kwa wasichana. Lakini ufaulu shuleni ulishuka, walioendelea na masomo walipungua, na hapakuonekana ushahidi wa kutosha kwamba walikuja kumiliki biashara kuliko wengine. Jambo hili linaniuma, kwa sababu nia ilikuwa njema kabisa. Hamu isiyo na mazoezi inaweza kumtoa kijana darasani bila kumfikisha dukani.

Nchini Uganda ilijaribiwa njia nyingine. Programu inayoitwa STEP, iliyobuniwa na wataalamu wa Ujerumani pamoja na wenzao wa vyuo vya Uganda, inawapa wanafunzi katika vikundi mtaji wa takriban dola 100. Lazima waanzishe biashara ya kweli kozi ikiwa inaendelea, na mwishoni mtaji urudishwe. Mtafiti Michael Gielnik na wenzake waliwafuatilia washiriki hadi miezi 32. Shauku ilipanda baada ya mafunzo, lakini iliyodumu ni ya wale walioamini kwamba kazi yenyewe wanaiweza. Kwa wengine ilififia.

Tuje kwenye ukakamavu. Wengi huuchukulia kama tabia ya kuzaliwa nayo: fulani ana roho ngumu, fulani hana. Jiji la Lomé, Togo, linatupa jibu tofauti. Huko wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu ya watu 500. Kundi moja lilifundishwa biashara kwa njia ya kawaida, yaani uhasibu, masoko, fedha na kadhalika. La pili lilifundishwa kujituma kwa mbinu zilizotokana na kazi ya mwanasaikolojia Michael Frese: kuanza bila kusukumwa, kutazama mbele, na kujiandaa kwa vikwazo kabla havijafika. La tatu halikufundishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Faida ya kundi la pili ilikuwa juu kwa asilimia 30 kuliko ya wasiofundishwa. Kwa kundi la kwanza ongezeko lilikuwa asilimia 11, nalo dogo mno kuweza kutofautishwa na bahati tu. Mshiriki mmoja alikuwa akikodisha magauni ya harusi. Baada ya mafunzo akaanza pia kuyauza, pamoja na shela na glavu. Saa za darasani zilikuwa 36 tu. Kinachofundishika kwa saa 36 hakiwezi kuwa cha kuzaliwa nacho.

Kwa mwanafunzi, zoezi lenyewe linafanana na hili. Umetengeneza sabuni ya maji, umeingia duka la mtaani.

"Shikamoo mama. Nimekuletea sabuni uijaribu."

"Marahaba mwanangu. Ninayo ya kiwandani, wateja wameizoea. Wewe niachie namba, nitakupigia."

Hatapiga, na wewe unalijua hilo. Wengi huishia hapo, wakaenda kulala na aibu. Aliyejiandaa amekuja na swali la pili mfukoni: "Sawa mama. Wanaonunua nyingi kwako ni akina nani?" Atakwambia ni mama ntilie, na kwamba wanalalamikia bei ya chupa. Hujauza kitu, lakini umejua kuna watu wanaotaka kujaziwa sabuni kwenye madumu yao wenyewe. Andika kwenye daftari palepale nje ya duka: nani, amekataa kwa sababu gani, kesho nibadilishe nini. Na kama mama angekubali kupokea chupa tatu kwa mali kauli, akulipe zikishauzwa, basi ungepata ushindi mdogo wa aina aliyoisema Bandura.

Ukakamavu unahitaji mpaka, la sivyo unageuka ukaidi. Saras Sarasvathy, aliyewachunguza wajasiriamali 27 wenye uzoefu mkubwa nchini Marekani, aliona kwamba hawaanzi kwa kukisia watapata faida kiasi gani. Huanza kwa kujiuliza wanaweza kumudu kupoteza kiasi gani. Kwa mwanafunzi swali hili lina uzito wa pekee, maana fedha iliyo karibu zaidi na mkono wake mara nyingi ni ada. Iandike namba hiyo kabla hujanunua malighafi. Tuseme ni shilingi 30,000 na wiki sita, ada na nauli haziguswi. Fedha hiyo au wiki hizo zikiisha kabla mama ntilie hawajaanza kukutafuta wenyewe, achana na sabuni. Majina yao unayo, saa wanazofungua unazijua, na kwenye daftari kuna watatu waliokwambia kwamba kinachowasumbua hasa kila alfajiri ni mkaa.