Mafunzo ya Nyanjani Kuhusu Pomboo na Nafasi ya Mwanafunzi wa Kiswahili

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wanafunzi wanavyofunzwa kumtafiti na kumhifadhi pomboo katika pwani yetu, na kuonyesha pengo katika mafunzo hayo ambalo sisi wa Kiswahili tunaweza kuliziba. Huenda msomaji akauliza mwanafunzi wa fasihi anayeishi Landless, kando ya barabara itokayo Thika kwenda Garissa, takriban kilomita 600 kutoka Shimoni, ana la kusema gani juu ya bahari. Ningeweza kujitetea kuwa maji ya mto Thika huingia Tana, nayo Tana humwagika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Hata hivyo, hoja yangu ni nyingine: sehemu kubwa ya utafiti huu ni mazungumzo, na mazungumzo hayo hufanyika kwa Kiswahili.

Tuanze na kazi yenyewe. Kabla ya kupanda boti, mwanafunzi hufundishwa kutofautisha aina za pomboo. Katika maji yetu anayeonekana mara nyingi karibu na pwani ni Tursiops aduncus. Yupo pia Sousa plumbea, mwenye nundu mgongoni, anayependa maji ya kina kifupi na ambaye amo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Na Stenella longirostris, yule arukaye juu na kujizungusha hewani. Baharini, boti hufuata mistari iliyopangwa mapema ili mahali pasiwe na pomboo pahesabiwe sawa na mahali walipo. Upepo ukizidi, kazi husimamishwa, kwa kuwa pezi halionekani katikati ya mawimbi yenye mapovu. Pomboo wanapoonekana, huandikwa saa, mahali, idadi yao, watoto waliomo na wanachokifanya.

Kiini cha mafunzo ni picha ya pezi la mgongoni. Pezi hilo huchanika na kupata makovu kadiri mnyama anavyoishi, hata likawa kama saini yake. Kutokana na picha hizo hukadiriwa idadi. Chukua mfano wa kubuni: safari ya kwanza umepiga picha pomboo 40 tofauti, ya pili umepiga 50, na kati yao 20 ni wale wa awali. Ikiwa 20 kati ya 50 wanajulikana, basi wale 40 wa kwanza ni kama sehemu mbili kwa tano za kundi zima, yaani pomboo 100. Hesabu halisi huhitaji marekebisho, maana wadogo wengi hawana alama, tena wengine huhama. Kwa njia ya namna hii, utafiti wa 1999 hadi 2002 kusini mwa Unguja, uliochapishwa mwaka 2006, ulikadiria Tursiops aduncus kati ya 136 na 179, na wenye nundu kati ya 58 na 65. Ni makundi madogo mno. Jike hubeba mimba takriban mwaka 1, huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Kwa hiyo pomboo wachache wakifa kwa mwaka, pigo lake si dogo.

Kizimkazi, kijiji kinachojulikana kwa msikiti wake wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, ndicho darasa mashuhuri zaidi la taaluma hii katika Afrika Mashariki. Hadi katikati ya miaka ya 1990 pomboo waliwindwa huko, nyama yao ikitumiwa kama chambo cha papa. Utalii wa kuwatazama ulipoanza mapema katika mwongo huohuo, pomboo hai akawa na faida kuliko aliyekufa. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba boti za watalii zinapowakaribia, pomboo hupunguza kula, kupumzika na kuchangamana, wakatumia muda mwingi zaidi kusafiri. Hivyo mwanafunzi wa leo hufundishwa kumtazama nahodha na mtalii vilevile. Kwetu Kenya, picha za aina hii zilikusanywa katika eneo la Kisite-Mpunguti, karibu na Shimoni, kati ya 2006 na 2009, na tangu 2011 upo mtandao unaopokea taarifa za pomboo na nyangumi kutoka kwa watafiti na mabaharia wa pwani nzima.

Sasa tuje kwenye pengo. Tasnifu ya uzamifu ya Omar Amir kuhusu pomboo hawa iliwasilishwa Chuo Kikuu cha Stockholm mwaka 2010, nayo iko kwa Kiingereza. Hilo si kosa lake, ndivyo elimu yetu ilivyo. Ila hatari mojawapo kubwa kwa pomboo ni kunasa katika jarife, na habari za kunasa huko anazo mvuvi. Wavuvi wa Zanzibar walihojiwa juu ya jambo hili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Msomaji atafakari jinsi swali linavyopaswa kuulizwa. "Umeua pomboo wangapi?" ni mashtaka. "Umevua pomboo wangapi?" humfanya mvuvi aonekane kama aliyekusudia. "Jarife lako limenasa pomboo wangapi tangu kusi ianze?" humwacha mvuvi nje ya lawama, tena humpa kipimo cha wakati anachokitumia mwenyewe. Jibu litaingizwa katika hesabu za wanasayansi, na tofauti yote imetokana na kitenzi.

Fomu nazo zinatusubiri. Neno "kulisha", kwa mfano, likiandikwa mahali pa "kula" au "kuwinda", humaanisha kwamba pomboo anampa mwingine chakula! Aidha, katika vitabu vyetu aina zote tatu nilizozitaja aghalabu huitwa pomboo tu. Kabla hatujakimbilia kubuni istilahi mezani, yafaa wanaosomea lahaja waende Wasini kwa wasemaji wa Kivumba, na Kizimkazi kwa wazee waliowahi kuwawinda wanyama hawa, wawaonyeshe picha za mapezi na kuwauliza wanawaitaje. Wazee waliouona uwindaji huo wanazidi kupungua.