Mutoto wa Mugongoni na Mutoto wa Tumboni

Mama, wewe unayesoma kijitabu hiki, au unayesomewa: pengine una mimba, na mutoto mwingine angali mugongoni mwako. Anajua kutembea, lakini hawezi kujitafutia chakula. Habari hii ni yako. Ni ya baba vilevile. Umuite akae, musome pamoja.

Katika kitabu cha Waamuzi tunasoma juu ya muke wa Manoa. Mbele ya kubeba mimba ya Samusoni, malaika alimukataza divai na kileo, akamwambia aangalie chakula chake. Manoa hakusema kwamba hayo ni mambo ya wanawake. Aliomba Mungu malaika arudi, awafundishe wote wawili namna ya kulea mutoto. Basi chakula cha mwenye mimba si jambo dogo, wala si kazi ya mama peke yake.

Ugonjwa wa mutoto aliyeachishwa

Katika mwaka wa 1935, munganga mwanamuke Cicely Williams, aliyefanya kazi katika inchi inayoitwa leo Ghana, aliandika juu ya ugonjwa wa watoto wadogo. Miguu inavimba, nywele zinageuka rangi, ngozi inabanduka. Mutoto hachezi, na chakula anakataa. Alitumia jina la wenyeji: kwashiorkor. Katika luga ya Kiga, maana yake ni ugonjwa unaomupata mutoto wakati mwingine anapozaliwa nyuma yake. Katika Kivu wanauita bwaki.

Kwetu Kasongo na Kabambare njia yake ni ile ile. Mama anajua kwamba ana mimba. Watu wanamwambia: "Maziwa yako yameharibika, yatamuua mutoto." Siku hiyo hiyo anapaka pilipili kwenye titi. Jana mutoto alikuwa na maziwa. Leo ana bukari ya muhogo tu. Tumbo linajaa, lakini mwili haujengwi. Kisha miguu inavimba, na watu wanasema amelogwa. Hapana, hakulogwa. Aliondolewa chakula chake, na kingine kizuri hakikuwekwa mahali pake.

Ujue neno hili: maziwa ya mwenye mimba si sumu. Kama una afya na unakula vizuri, unaweza kuendelea kunyonyesha. Kama munganga anakuambia uache, au kama unataka kuacha, uache polepole, titi moja leo, lingine baadaye, kwa majuma mengi. Na mbele ya kuacha, mutoto awe amezoea chakula kizuri.

Sahani ya mutoto

Mutoto mudogo akila katika sahani moja na wakubwa, anashindwa. Mikono yao ni ya upesi. Umupe sahani yake mwenyewe, ukae naye mpaka amalize. Ale mara tatu au ine kwa siku, na katikati umupe ndizi, papai au avoka.

Usimupe uji mutupu. Chukua uji wa mahindi au wa muchele, utie karanga zilizotwangwa na mafuta ya mawese kidogo. Au twanga ndagala kavu mpaka ziwe unga, uchanganye katika sombe au maharagi. Samaki wa Lualaba na wa Luama, mayai, na kumbikumbi wakati wao, vyote vinajenga mwili. Kuku wako akitaga, usiuze mayai yote kwa kununua soda.

Mawese yawe mekundu. Ukiyachoma mpaka yawe meupe, unaharibu kile kinacholinda macho. Na muhogo muchungu uumenye, uuloweke siku tatu, uuanike juani. Usifupishe kazi hiyo, hata wakati wa njaa.

Chakula cha mama

Wewe mama unalisha watu watatu: wewe mwenyewe, wa mugongoni na wa tumboni. Basi usile wa mwisho, ukikomba chungu. Uongeze chakula kimoja kwa siku juu ya desturi yako. Kila siku ule majani: sombe, lengalenga au matembele. Ule maharagi au karanga, na samaki ao nyama ikipatikana. Utasikia kwamba mwenye mimba akila yai mutoto atazaliwa bila nywele. Si kweli, kula yai. Pombe usiinywe hata kidogo. Chai usiinywe pamoja na chakula, kwa maana inazuia damu kupata nguvu.

Kazi ya kila siku

Mama anatoka shambani na jembe mukononi, kuni kichwani, mutoto mugongoni, na mwingine tumboni. Baba anatembea mbele, mikono mitupu. Baba, chukua kuni, au chukua mutoto! Hakuna haya. Muchana mama apate kulala kidogo, na usiku yeye na mutoto walale ndani ya chandarua.

Mwende kituo cha afya

Usingoje tumbo kuwa kubwa. Anza kupima mimba mapema. Utapewa vidonge vya kuongeza damu. Uvimeze kila siku. Toka mwezi wa ine utapewa dawa ya kukinga malaria. Mupeleke na wa mugongoni. Watamupima mukono kwa utepe wenye rangi. Kijani ni salama. Manjano ni onyo. Nyekundu, au miguu yote miwili kuvimba, ni hatari: atibiwe siku hiyo hiyo.

Wewe nawe ukiona damu, homa, kichwa kuuma sana, uso kuvimba au kifafa, au mutoto akiacha kucheza tumboni, mukimbie hospitali. Usingoje asubuhi.

Na huyu akizaliwa salama, mupumzike. Miaka miwili ipite mbele ya mimba ingine. Muulize munganga njia, baba na mama pamoja.

Jioni hii, mbele ya kuomba na kulala, tazama sahani ya mudogo wako. Je, kulikuwa nini juu yake zaidi ya bukari? Kesho uongeze kitu kimoja.