Kuinuka Kutoka Katika Sijida: Jinsi Damu Inavyoufikia Ubongo



Mwaka uliopita, katika sala ya Alfajiri, mzee mmoja wa mtaani kwetu aliinuka kutoka katika sijida, akasimama kitambo kidogo, kisha magoti yakamlegea akaanguka. Tuliokuwa karibu tukaikata sala. Tukamshika makwapani tukamkalisha. Huyu anamsomea sikioni, yule anampepea kwa kofia. Kila tulipomwinua, uso wake ulizidi kupauka. Alizinduka pale tulipochoka tukamlaza mkekani. Tulidhani tunamsaidia, kumbe tulikuwa tukimzuilia kile hasa alichokosa, nacho ni damu kichwani.

Ubongo ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, lakini hupokea takriban sehemu 15 katika kila 100 za damu inayosukumwa na moyo wa mtu aliyetulia, yaani kama robo tatu ya lita kila dakika. Nao hauna ghala la akiba. Damu ikikatika kwa sekunde 10 hivi, mtu hupoteza fahamu. Zikipita dakika chache, chembe zake huanza kufa.

Damu hiyo hupanda kwa mishipa mikubwa minne, miwili mbele ya shingo na miwili nyuma, ndani ya pingili za uti. Ile ya mbele Waarabu huiita ash-shiryan as-subati, kutokana na neno subat, yaani usingizi mzito, kwa kuwa ilijulikana tangu kale kwamba mtu akibanwa hapo huzimia. Chini ya ubongo mishipa hiyo huungana na kufanya mfano wa pete, ili njia moja ikiziba nyingine ipate kusaidia. Twapenda mimbarini kudai kwamba kila elimu ilianza kwetu. Ni kweli kwamba Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, alieleza jinsi damu inavyotoka moyoni kupitia mapafuni. Lakini pete hii imepewa jina la tabibu Mwingereza, Thomas Willis, aliyeieleza katika kitabu chake cha mwaka 1664. Haki apewe mwenyewe.

Sasa tuitazame sala. Katika sijida kichwa huwa chini ya moyo, na damu hukielemea. Mishipa midogo ya ubongo hujikaza ili isifurike. Mtu akisimama, mambo hugeuka ghafla: yapata nusu lita ya damu, na pengine zaidi, hushuka tumboni na miguuni. Hapo walinzi wawili huamka. Wa kwanza ni mishipa ya ubongo wenyewe, ambayo hutanuka ndani ya sekunde chache ili ipitishe damu ileile kwa shinikizo dogo zaidi. Wa pili yuko shingoni, chini ya taya, na mwenziwe yuko katika mshipa mkuu utokao moyoni: hapo pana neva zinazopima mvutano wa kuta za mshipa. Zikihisi umelegea hupeleka habari katika shina la ubongo, na mara moyo huenda mbio na mishipa ya miguuni hukazwa. Kijana hahisi lolote. Mzee, ambaye mishipa yake imekakamaa, walinzi wake huchelewa. Na akiwa amepungukiwa maji kwa joto au saumu, au anatumia vidonge vya kukojosha, huchelewa zaidi.

Lakini tulilolikusudia leo ni lililomfika mzee wetu baadaye. Alikuwa akitumia dawa za shinikizo la damu. Nyumbani wakamwambia dawa ndizo zilizomwangusha, naye akaziacha. Haikutimia miezi mitatu, kiharusi kikamchukua mkono wa kulia na sehemu ya maneno yake.

Watu wa nyumbani hawakusema uongo mtupu. Dawa hizo zaweza kumfanya mtu aone kizunguzungu anaposimama. Tena, kwa mtu mzima mwenye afya, ubongo huweza kuilinda damu yake takriban kati ya shinikizo la wastani la 60 na 150. Ila aliyeishi miaka mingi na shinikizo kubwa, mizani hiyo hupanda juu, hata kiwango kilicho cha kawaida kwa mwingine yeye hukiona kidogo. Ndiyo maana aghalabu matabibu humshusha polepole. Kosa lilikuwa kuamua wenyewe. Shinikizo lililoachwa huru huichakaza mishipa mpaka ikaziba au ikapasuka.

Basi mwenye mzee nyumbani amwombe mhudumu wa afya ampime akiwa amelala au ameketi, kisha ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Kipimo cha juu kikishuka kwa 20 au zaidi, au cha chini kwa 10, daktari aambiwe apate kupanga upya dozi au saa za kumeza. Anayezimia alazwe chali, miguu iinuliwe, asikalishwe wala asinyweshwe kitu kabla hajazinduka. Lakini uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, huko si kuzimia. Akimbizwe hospitali saa ileile.

Na asiyeweza kusimama ana ruhusa ya kusali ameketi, ndivyo Mtume (S.A.W.) alivyomwelekeza Imran bin Husayn alipokuwa mgonjwa. Anayeweza naye atulie kidogo katika kikao kabla ya kuinuka. Maimamu wenzetu wanaokimbiza tarawehe wayafikirie haya, maana safu za nyuma zina wazee.

Mzee wetu siku hizi husali kitini, kando ya nguzo, tasbihi ikiwa mkono wa kushoto. Vidonge vyake humeza kila asubuhi mbele ya mkewe, naye humhesabia.