Madarasa Manane, Walimu Watatu

Watu wa mjini wakisikia shule yetu ina watoto 120, wananipa hongera. Kule Mbeya mjini mwalimu anaweza kuingia darasa la watoto zaidi ya mia asijue majina hata ya nusu yao. Mimi nayajua yote, na ya mama zao. Lakini ndimi mwalimu mkuu, na hesabu ya shule ndogo naijua pia.

Serikali inakadiria mwalimu mmoja kwa watoto 45. Gawanya 120 kwa 45: walimu watatu, na kwenye karatasi hatuna upungufu. Ila kuna awali, kisha darasa la kwanza hadi la saba. Kwa hiyo la kwanza na la pili wanakaa chumba kimoja, hawa wakitazama ubao wa mbele, wale wa nyuma. Wadogo wakianza kuimba silabi, wa la pili wanapoteza hesabu vidoleni na kuanza upya. Mwalimu mmoja akiitwa wilayani, wawili tunagawana madarasa manane.

Fedha nayo inafuata vichwa. Tangu Januari 2016 elimu ni bila malipo, na ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 huingia akaunti ya shule. Kwetu ni 60,000 kwa mwezi. Chaki, mitihani, mipira, bawaba za mlango, vyote humo. Shule ya watoto 1,200 inapata mara kumi, na paa likivuja fundi hatupunguzii bei kwa kuwa tuko wachache.

Sababu za udogo hutofautiana. Huku wilayani kwetu Kilolo nyumba zimetawanyika milimani. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwakusanya watu na shule zikajengwa katikati. Baadaye wengi walirudi kwenye mashamba yao ya zamani, shule ikabaki ilipo. Chunya, nilikoanzia kazi, watu wanahama. Dhahabu ikisikika kwingine, wachimbaji wanafungasha; wafugaji wanafuata malisho. Daftari la mahudhurio linajaa majina Januari, Juni limejaa alama za utoro, na hakuna aliyekuja kuomba uhamisho.

Mwisho wa mwaka napita vitongojini na mwenyekiti kuandikisha watoto wa kuanza shule. "Kamwene," tunasalimiana, tunakaribishwa pombe ya ulanzi (nakataa, niko kazini). Mama mmoja akaniambia, "Mwalimu, huyu bado mdogo. Mvua zikianza, ule mto atavushwa na nani?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Jibu la serikali ni shule shikizi: vyumba vichache karibu na kitongoji, wadogo waanzie huko. Fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021 zilipangiwa madarasa 15,000 nchini, 3,000 kati yake ya shikizi. Nazipenda sana. Ila shikizi ikisajiliwa kuwa shule kamili, watoto wake wanatoka kwenye hesabu ya shule mama na ruzuku yao inaondoka nao. Zinabaki shule mbili, zote ndogo kuliko ile ya mwanzo.

Ningeulizwa, ningesema kila shule ipewe kiasi cha kuanzia kabla ya kuhesabu vichwa, na walimu wapangwe kwa madarasa. Kwa sasa la tatu na la nne wako kwa kijana wa kujitolea, mhitimu wa ualimu. Mkutano wa kijiji uliamua kila kaya imchangie mahindi na viazi. Ajira zikitoka ataondoka, na barua ya kumsifia nitaiandika mwenyewe.